SHA Inajua Kitambulisho Changu. Sasa Faili Yangu Iko Wapi?

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu ambacho kinaboesha mpaka siku unaumwa: kompyuta za hospitali. Najua. Ukisikia "mfumo wa taifa wa taarifa za afya kidijitali", kidole kinataka kupita haraka uende ucheki vichekesho. Ngoja kidogo. Hii kitu imeshachukua namba yako ya kitambulisho, na kama umeajiriwa inachukua doo yako kila mwisho wa mwezi. Angalau tuulize imetuletea nini.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kenya inahitaji huu mfumo, na siko kwa kambi ya "turudi kwa makaratasi". Shida ni kwamba tumeujenga tukiingilia mlango wa pesa badala ya mlango wa mgonjwa. Kilichofika mtaani kwanza ni usajili, michango na madai ya hospitali. Ile ahadi tamu, kwamba historia yako ya matibabu itakufuata popote utakapoenda, ndiyo inatembea kwa mwendo wa kinyonga. Na sisi wa umri huu ndio tutaishi na huu mfumo miaka hamsini ijayo, kwa hivyo tusikae kando tukiacha wazee waamue.

Kaunti tatu, madaftari matatu

Sisi watu wa Athi River tunajua hii shida kuliko wengi. Hapa ni Machakos. Ukienda kidogo tu upande wa Namanga Road uko Kitengela, na hiyo ni Kajiado. Ukipanda mat ya kuelekea tao, ukishapita Mlolongo na Syokimau umeingia Nairobi. Kuna watu wanalala kaunti moja, wanafanya kazi nyingine, na wakizidiwa wanapelekwa ya tatu.

Sasa kumbuka kwamba tangu 2013, baada ya ugatuzi, hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti. Kila kaunti ina bajeti yake, ununuzi wake, na mara nyingi kompyuta zake. Chukua dada anayeshona nguo kwa kiwanda cha EPZ na analala Kitengela kwa sababu kodi iko afadhali. Kliniki ya karibu na nyumbani iko Kajiado. Akizirai kazini, anakimbizwa hospitali ya upande huu, Machakos. Ikionekana ni mambo makubwa, anaandikiwa rufaa aende Kenyatta, Nairobi. Hizo ni sehemu tatu, na kila moja inamuuliza maswali yale yale kana kwamba amezaliwa leo asubuhi.

Anachobeba kuunganisha hizo sehemu tatu unakijua. Ni lile daftari la mistari, la shule ya msingi, linalouzwa pale nje ya geti la hospitali. Limekunjwa katikati, jina limeandikwa kwa biro juu, na ndani kuna mwandiko ambao hata aliyeuandika akirudishiwa atahangaika. Hilo daftari ndilo faili la afya la Wakenya wengi. Likinyeshewa limeenda, na watoto wakichoraa juu yake limeenda pia.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia kwa nyumba za watu hapa Athi River, kila mtu aliongea kuhusu magodoro na runinga. Madaftari ya kliniki hayakutajwa sana, lakini mama mwenye mtoto mdogo anajua maana ya kupoteza kile kijitabu cha chanjo. Anarudi kliniki kuanza kukisia: huyu alidungwa ya surua ama bado?

Mathe wangu ana presha. Mwaka jana alipimwa damu kwa kliniki moja, akaambiwa figo ziangaliwe. Wiki mbili baadaye alipelekwa hospitali nyingine, sitaitaja, na vipimo vile vile vikafanywa upya kwa sababu karatasi ya kwanza "haisomeki". Alilipa mara mbili. Hata pesa tungesema sawa, tumezoea. Kilichoniuma ni swali la daktari wa zamu: "Mama, unatumia dawa gani?" Mathe akajibu, "Ile nyeupe ndogo." Daktari akacheka, nesi akacheka, mathe akacheka. Lakini wewe fikiria. Dawa za presha nyeupe na ndogo ziko ngapi duniani? Hapo kati ya kicheko na kosa kuna hatua moja tu, na mfumo mzuri wa taarifa kazi yake ni kuziba hiyo nafasi.

Hatuanzi sifuri

Kuna watu wanaongea kana kwamba kompyuta ziliingia hospitali za Kenya juzi na SHA. Hapana. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Mosoriot, wasee, si Westlands! Kutokana na kazi hiyo na nyingine kama hiyo ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo leo inatumika kwa hospitali za nchi nyingi. Eldoret ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa kuitumia.

Mwaka 2011 Kenya ilifanya jambo lingine. Ilihamisha takwimu zote za afya za nchi kwenye DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mfumo wa kitaifa wa aina hiyo ulio mtandaoni kabisa. Kabla ya hapo ripoti zilikuwa zinazunguka kwa bahasha na faili za kompyuta za kila wilaya. Baada ya hapo, zahanati ya Kwale na hospitali ya Turkana zinaandika sehemu moja.

Lakini hapa kuna tofauti ambayo nataka ishike kwa kichwa, kwa sababu ndiyo moyo wa hii post. DHIS2 inahesabu. Kila mwisho wa mwezi, mtu anaketi na rejista, anahesabu vijiti: malaria wangapi, kuhara wangapi, nimonia wangapi, chini ya miaka mitano na juu ya miaka mitano. Jumla inaingia kwenye mfumo. Wizara inajua malaria inapanda wapi, dawa zipelekwe wapi. Hiyo ni muhimu sana. Ila ndani ya hizo jumla wewe haupo. Wewe ni kijiti kimoja.

Mfumo wa pili unamfuata mtu. Na huo pia tumewahi kuujenga, kwa ugonjwa mmoja. Tangu 2012 kliniki nyingi za HIV nchini zimekuwa na KenyaEMR, iliyojengwa juu ya ile OpenMRS. Pale mgonjwa ana faili: alianza dawa lini, kiwango cha virusi kilikuwa ngapi, tarehe ya kurudi ni lini. Asiporudi, jina linatokea kwenye orodha na mtu anamtafuta. Kwa hivyo mtu asituambie haiwezekani. Kwa HIV iliwezekana, kwa sababu kuna mtu aliamua mgonjwa asipotee. Mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye selimundu, mwenye kifafa, hao nao hawapotei?

Ukiuliza kwa nini HIV ilitangulia, jibu moja kubwa ni pesa za nje, hasa za Marekani. Na hapo ndipo somo la pili liko. Januari 2025, rais mpya wa Marekani alipoingia ofisini alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Wafanyakazi wengi wa afya waliokuwa wanalipwa kupitia misaada hiyo hapa kwetu walijikuta wameambiwa wakae nyumbani. Sahihi moja Washington, na kliniki ya Kenya inatikisika. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Faili ya kuazima nayo haisitiri siri.

SHA ilipoingia

Tuje sasa kwa yale ya juzi. Oktoba 2023, Rais alitia sahihi sheria nne za afya kwa mpigo. Moja ilizaa SHA, kuchukua nafasi ya NHIF iliyokuwepo tangu 1966. Nyingine ni Sheria ya Afya ya Kidijitali, na hiyo ndiyo watu hawaongelei. Iliunda Wakala wa Afya ya Kidijitali, ikaagiza pawe na mfumo mmoja unaounganisha hospitali zote, na ikasema data za afya ni rasilimali ya kimkakati ya taifa. Soma tena hayo maneno. Data yako ya kuumwa ni mali ya thamani, kama bandari, kama mbuga.

Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria tatu kati ya hizo, pamoja na hiyo ya kidijitali, zilipitishwa bila umma kushirikishwa vya kutosha. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Wengi wenu mlibonyeza *147# mwezi huo huo, nusu kwa kutaka na nusu kwa kusukumwa.

Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75. Kwa mshahara wa shilingi 20,000 hiyo ni 550 kila mwezi, 6,600 kwa mwaka. Mwenye kuuza mutura stejini anafanyiwa tathmini ya uwezo wake, anaambiwa alipe kiasi fulani, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Mambo ya kama hesabu hiyo ni ya haki nawachia siku nyingine. Leo nauliza kuhusu kompyuta.

Na nitakuwa mkweli kwa upande wa pili. Huu mlango wa pesa una faida yake. Enzi za NHIF, madai hewa yalikuwa kama wimbo wa taifa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa kwa kudai pesa za matibabu ambayo hayakufanyika, na data ndiyo iliyowaumbua. Mgonjwa wa nje anaandikwa kama amelazwa, mtu mmoja anazaa mara nyingi kuliko biolojia inavyoruhusu. Kompyuta ikiona hivyo, inapiga kelele. Hiyo ni doo yetu inaokolewa, na mimi nashangilia.

Lakini tazama mpangilio wa mambo. Swali la kwanza ambalo mfumo unajibu haraka ni "amelipa?" Swali ambalo daktari wa zamu anahitaji saa tisa usiku ni "ana mzio gani, anatumia dawa gani, kikundi chake cha damu ni kipi?" Nikipelekwa na wasamaria wema baada ya ajali hapo Mombasa Road, nikiwa siwezi kuongea, swali la kwanza linaokoa bajeti. La pili linaokoa mimi.

Nani mwenye nyumba?

Huu mfumo ulipewa muungano unaoongozwa na Safaricom, pamoja na Apeiro na Konvergenz, kwa gharama ya shilingi bilioni 104.8. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, ikatoka na kusema jambo ambalo lilipaswa kutunyima usingizi: serikali si mmiliki wa mfumo huo, na haki za ubunifu haziko mikononi mwake. Serikali ilijitetea kwamba haikununua kwa pesa taslimu, inalipia huduma kadiri inavyotumika.

Sawa. Tuelewane kwa lugha ya mtaani. Kuna kununua nyumba na kuna kupanga. Kupanga si dhambi, nusu ya Athi River tumepanga. Lakini ukipanga unajua mambo matatu: kodi ni ngapi, notisi ni ya muda gani, na siku ukihama unaondoka na vitu vyako. Mimi na wewe tumeingizwa kwa nyumba na vitu vyetu vyote. Ni nani ametuonyesha kwamba siku tukihama tutabeba faili za watu milioni hamsini, zikiwa zinasomeka, bila kuomba funguo kwa landilodi?

Hii si chuki kwa kampuni. Zinajua kazi, na serikali ikijaribu kila kitu peke yake pia kunaharibika. Uingereza walianza mradi wa kuunganisha hospitali zote kidijitali mwaka 2002, wakamwaga mabilioni ya pauni, na 2011 wakatangaza kuuvunja. Moja ya sababu ni kwamba uliamuliwa juu na kushushwa chini, na madaktari walioutumia hawakuulizwa vya kutosha wanahitaji nini. Kama Uingereza ilipigwa chenga, sisi tuko na kinga gani? Kinga yetu ingekuwa mkataba kuwekwa wazi mezani, na nakala ya data kubaki kwa mashine za umma kila siku.

"Tuamini tu" haitoshi

Sasa tufike mahali ambapo vijana tunapaswa kukaza macho. Kitu gani kinaandikwa kwa faili ya hospitali? Si homa tu. Kuna kipimo cha HIV, ujauzito, ugonjwa wa zinaa, dawa za msongo wa mawazo, usiku ule ulikunywa vitu na marafiki wakakubeba. Wewe una miaka 17 na umesajiliwa chini ya mzazi wako. Ukienda kliniki kuuliza kuhusu mwili wako, ujumbe utaingia kwa simu ya nani? Ukitafuta kazi ukiwa na miaka 24 na mwajiri analipia bima ya nyongeza, ataona kiasi gani? Hayo maswali yanahitaji jibu lililoandikwa, linalosomeka, kwa Kiswahili ambacho susu wangu kule Kangundo ataelewa.

Finland, nchi inayosifika kwa mambo ya mtandao, mwaka 2018 wadukuzi waliingia kwa kampuni ya matibabu ya akili inayoitwa Vastaamo na kubeba siri za maelfu ya wagonjwa. Halafu mwaka 2020 wakawaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa, ama tutaanika ulichomwambia daktari wako. Hapa kwetu, Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na huduma zikayumba siku kadhaa. Mwezi uliofuata vijana walipiga foleni KICC kuuza picha ya mboni ya jicho kwa Worldcoin kwa karibu shilingi elfu saba. Serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Miaka karibu miwili baadaye! Data ni kama mutura ikishaliwa, kurudisha ni hadithi.

Na mnakumbuka Desemba 2025. Kenya na Marekani zilitia sahihi Washington mkataba wa afya wa miaka mitano wa mabilioni ya dola. Swali lililowaka mara moja lilikuwa data za wagonjwa: zitaenda kwa nani, kwa kiasi gani? Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda kusimamisha utoaji wa data hizo. Hilo halikutokea kwa bahati. Lilitokea kwa sababu kuna Wakenya walienda kortini kuuliza. Baada ya Juni 2024, kizazi hiki hakiwezi kuambiwa "tuamini tu" na kikaenda kulala.

Vidole vya mtu wa simenti

Kuna mambo ambayo mtu wa ofisini Upper Hill hawezi kuyaona, lakini sisi tunayaishi. Mwanzoni mgonjwa alithibitishwa kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Watu wakaitumia vibaya, sasa tunaelekezwa kwa alama za vidole. Poa. Lakini huu ni mji wa simenti, wa mawe na wa viwanda. Mtu aliyebeba mifuko ya simenti ama kuchonga mawe ya ujenzi miaka kumi na tano, vidole vyake vimesuguka mpaka mistari imepotea. Ile mashine ikikataa kumsoma, atathibitishwaje kwamba yeye ni yeye? Simu yake ikiwa imeibiwa je? Lazima pawe na njia nyingine, imeandikwa, na karani aijue bila kumpigia mkubwa simu.

Halafu kuna stima. Na mtandao. "Sistimu imelala, ngojeni" ni sentensi ambayo sasa inashindana na "dawa hakuna, nunua nje". Mfumo uliojengwa kwa nchi hii lazima ujue kufanya kazi bila mtandao, uandike, uhifadhi, halafu utume mtandao ukirudi. Teknolojia hiyo ipo. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliopewa simu kuanzia Septemba 2023 wanatembea nyumba kwa nyumba wakiandika taarifa kwa programu, hata sehemu ambazo mtandao unashika ukipanda juu ya mti. Hao ndio wanaujua mlango wa mgonjwa, na posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukitaka kujua taifa linathamini nini, linganisha hiyo elfu tano na hiyo bilioni 104.8.

Na kuna swali langu la kama mkaaji wa hapa. Tunaishi na vumbi na moshi wa viwanda. Kila mtu ana jirani mwenye kifua. Je, watoto wa mtaa ulio karibu na viwanda wanakohoa kuliko wa upande wa Lukenya? Mimi sina jibu, na kwa kuhesabu vijiti pekee ni vigumu kulipata, kwa sababu mtoto wa hapa anatibiwa Kitengela leo na Nairobi kesho. Mfumo unaomfuata mtu, majina yakiwa yamefichwa, ungeweza kutuonyesha. Hapo ndipo data inakuwa mali ya taifa kweli: wananchi wanaitumia kudai hewa safi, na kazi yake haiishii kwa kuhesabu walipaji.

Tunachotaka

Siwezi kulalamika bila kusema ninachotaka. Ni mambo manne.

Moja, kila Mkenya afungue faili yake mwenyewe kwa simu: vipimo, dawa, chanjo, mzio. Na asiye na simu ya maana apewe karatasi iliyochapwa, bure.

Mbili, kila anayefungua faili yako aache alama. Estonia raia anaingia mtandaoni na kuona ni daktari gani aliangalia rekodi yake na lini. Mtu akichungulia bila sababu, unamuuliza. Hii kitu moja ingetibu nusu ya hofu yetu.

Tatu, mkataba wa mfumo uwekwe wazi, na sheria iseme bila kupindapinda kwamba siku mkandarasi akiondoka, data zinabaki na zinasomeka.

Nne, kaunti zote na hospitali za binafsi ziongee lugha moja ya data. Mgonjwa wa Machakos akivuka barabara kuingia Kajiado asigeuke mgeni.

Na wewe msomaji una kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi, kuiona, na kurekebishiwa ikiwa na makosa. Hiyo haki haitumiki kwa sababu hakuna anayeiomba. Mara nyingine ukienda hospitali, hata kama ni kwa mafua, uliza mambo mawili kwa heshima: "Naomba nione mlichoandika kunihusu. Na nani mwingine anaweza kukiona?" Utaangaliwa vibaya na karani. Uliza tu. Ukinyimwa bila sababu, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kupeleka malalamiko si lazima uwe na wakili.

Mmoja akiuliza, ni msumbufu. Watu mia wakiuliza kwa hospitali moja, msimamizi anaitisha mkutano. Kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Kusoma faili zetu wenyewe hakutatushinda.